Petroli ya Pampu Namba Tatu

Pistoni ililazwa juu ya gazeti kuukuu, na mwenye gari aliinama kuitazama mpaka ncha ya tai yake ikachovya kwenye oili. Hakuona. Macho yake yote yalikuwa kwenye tundu lililokuwa katikati ya kile chuma, tundu la kuweza kupitisha kidole.

"Hii ndiyo iliyokuwa ndani ya gari langu?"

"Ndiyo yenyewe," alijibu Fundi Sikio. "Zimebaki tatu, na zenyewe si nzima sana."

Mwenye gari alikuwa karani katika ofisi ya hati za viwanja, mtu mpole wa miaka thelathini na kidogo, mwenye sauti nene isiyolingana na umbo lake. Alijinyima miaka minne akanunua gari la bluu lenye turbo, na wiki iliyopita alilileta liongezewe nguvu. Turbo, kwa asiyeijua, ni feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo huisukumia injini hewa nyingi kuliko inayoweza kuvuta yenyewe. Ukiongeza presha ya hewa hiyo, gari linachapuka. Ukizidisha, petroli inalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni inapigwa kutoka juu mfululizo mpaka itoboke. Lakini haitoboki kimyakimya. Kwanza injini hulia kilio chembamba, kikavu, kama mchele unaomwagika kwenye sinia. Fundi anayejua kazi akikisikia anapunguza presha, na mambo yanaishia hapo. Na Fundi Sikio jina hilo hakupewa na mama yake; alipewa na mji mzima, kwa sababu ya masikio yake.

"Sasa imetobolewa na nini?" aliuliza Karani.

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Majibu yalikuwa mawili tu: ama presha imezidi, ama mafuta ni mabovu. Presha aliiweka yeye mwenyewe, kwa kusikiliza. Kwa hiyo haikuwa presha. Ndivyo alivyofikiri, na haikumchukua muda.

"Mafuta," alisema. "Petroli yako imechanganywa na mafuta ya taa. Ulijaza wapi?"

Karani alinyanyua uso. "Si pale uliponielekeza mwenyewe? Pampu namba tatu. Kwa shemeji yako."

Mlangoni palikuwa na kishindo kidogo cha vikombe. Mke wa Fundi alikuwa amesimama pale na chai ya mgeni. Fundi alimwona, akameza mate. Ulimi hauna mfupa, ndiyo, na bado angeweza kuurudisha. Angeweza kusema ngoja kwanza, nitazame vizuri. Lakini mteja alikuwa anamtazama, na yule aliyekuwa akitazamwa alikuwa Fundi Sikio.

"Basi ndiyo hayo hayo," alisema. "Siku hizi mtu humjui."

Karani hakunywa chai. Aliondoka na tai yake yenye oili, akaenda moja kwa moja kuandika barua ya malalamiko, na kwa kuandika barua hakuna aliyemweza.

Karakana ya Fundi Sikio ilikuwa uani kwake, bati juu na saruji chini, na kila chombo kilikuwa na kivuli chake kilichochorwa ukutani kwa rangi nyeupe ili kikikosekana kijulikane. Watu waliotaka kuanza ufundi walikuja kumuuliza wanunue nini, naye hakuwa mchoyo wa maneno. "Achana na sanduku zima la spana za bei ya kutupa," alikuwa akiwaambia. "Nunua chache za maana: namba kumi, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na saba. Hizo utazishika kila siku. Jeki si ya kulalia chini yake, weka stendi kwanza. Taa nzuri inunue kabla ya redio nzuri. Na ile spana inayopima mkazo, ikibidi kaiazime, maana boliti za kichwa cha injini hazikazwi kwa kukisia. Mkono hudanganya, bwana. Leo una nguvu, kesho una njaa."

Wakimuuliza juu ya vile vifaa vya kuvaa masikioni, vyenye waya unaobanwa kwenye injini ili usikie kilio chake mapema, alicheka. "Hivyo ni vya ambaye hakujaliwa."

Kwa hiyo siku ya Jumanne, kabla pistoni haijatoboka, siku ya kulijaribu gari la bluu, hakuvaa kitu. Mkewe alikaa kiti cha abiria na daftari, akisoma kipimo cha presha na kuandika, kazi aliyoifanya tangu walipooana. Kilimani, presha ilipopanda, mama huyo aliusikia mchele. Aliusikia waziwazi, chini ya miguu yake.

"Unasikia?" aliuliza.

"Nasikia," alisema Fundi, akakanyaga zaidi.

Mkewe akanyamaza. Nani angemfundisha Sikio kusikia? Lakini moyoni hakuwa ametulia, kwa sababu alijua jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Mwaka mzima birika lilikuwa likipiga mluzi jikoni na mumewe amekaa hatua tatu kutoka hapo, haulizi. Kitinda mimba wao, msichana wa miaka saba mwenye sauti ya kinanda, alikwishajizoesha kumvuta baba yake shati kwanza ndipo aseme. Wateja wakizungumza, mama huyo alirudia maneno yao kwa sauti ya juu, eti anahakikisha: "Anasema anataka Ijumaa, siyo, kaka?" Alifanya hivyo huku akimimina chai au akipanga viti, asishtukiwe. Wala hakuna aliyeshtuka, hata mumewe, au alijifanya hakushtuka.

Shemeji alikuja Ijumaa, jua bado halijazama, amevaa sare ya kituo cha mafuta ila kofia hana. Alikuwa mdogo wake mke wa Fundi, mtu mzima mwenye watoto shuleni, mcheshi wa kuvunja mbavu siku zote. Siku hiyo alikaa kwenye ukingo wa kochi kama aliyekuja kuomba kazi.

"Wamenivua kofia," alimwambia dada yake. "Mbele ya foleni ya magari. Meneja amefunga pampu yangu, amechukua chupa ya petroli kupeleka kupimwa. Majibu mwezi ujao. Ila mimi Jumatatu asubuhi ananipeleka polisi."

"Polisi kwa kosa gani?"

"Kuchanganya mafuta. Wizi. Barua ya yule karani ina kurasa tatu, dada. Na chini ameandika: kwa mujibu wa Fundi Sikio."

Chakula kilikuwa mezani. Fundi aliingia akikausha mikono, akamsalimia shemeji yake kwa furaha ya mtu ambaye hajui kitu, akakaa. Shemeji alitazama sahani yake. Aibu ilikuwa imemjaa, na mwenye aibu hasemi kwa sauti.

"Shemeji," alisema, akiizungumzia sahani, "miaka kumi na moja niko pale, hakuna aliyewahi kunidai hata lita. Neno lako ni zito. Nenda umwambie meneja huna uhakika. Usiseme umekosea, sikuvunjii heshima. Sema tu huna uhakika."

Fundi alikuwa akimtazama kichwani, kwenye utosi. Aliona mabega ya mcheshi yakitikisika kidogo. Alimfahamu shemeji yake. Bila shaka kilikuwa kichekesho kimoja kati ya vichekesho vyake. Akatabasamu, kisha akacheka, akampiga begani.

"Wewe bwana!" alisema.

Shemeji aliinua uso polepole. "Unacheka?"

Dada yake alifungua mdomo, maneno yakamganda. Shemeji akaweka kijiko chini kwa adabu, akanawa mikono, akatoka. Kwa Fundi mlango ulifungwa kimya.

"Kaondoka bila kuaga," alisema, amepigwa na butwaa. "Nimemkosea nini?"

Mkewe alianza kukusanya sahani. Alikuwa akimchukia kwa dakika hiyo, na akijichukia zaidi.

Jumamosi asubuhi Fundi alikuwa ameinama juu ya injini ya bluu. Mkewe aliingia karakana, akawasha kengele ya simu yake, ile kali inayowaamsha wanafunzi, akaiweka juu ya sanduku la spana, nyuma tu ya bega la mumewe. Ililia. Jirani akachungulia juu ya ukuta. Mbwa wa mtaa wa pili alibweka. Fundi aliendelea kukwangua gasketi huku akiimba taratibu.

Alipogeuka kuchukua kitambaa, alimwona mkewe analia. Kisha akaiona simu, kioo kikiwaka na kuzimika.

Alielewa. Hakuuliza ni nini. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Tangu lini?" alisema.

"Wewe ndiye uniambie. Mimi nimekusikilizia mwaka mzima."

"Na hukuniambia!"

"Nilikuuliza kilimani. Nilisikia injini inalia, nikakuuliza unasikia, ukaniambia unasikia. Nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, nitalibeba." Alizima ile kengele. "Lakini jana mdogo wangu amekuomba umwokoe na jela, wewe ukamcheka usoni."

Fundi alirudi nyuma kama aliyesukumwa. "Mimi? Nilimcheka?"

Mkewe akamweleza yote, neno kwa neno, akiwa amesimama mbele yake ili auone mdomo. Alipofika kwenye kofia iliyovuliwa mbele ya foleni, Fundi alifunika uso kwa viganja vyenye masizi.

"Nilidhani ni turbo za siku hizi," alisema hatimaye. "Zile za zamani zilikuwa na mluzi. Ukikanyaga tu, fiiii. Nikasema, wameziboresha, zimekuwa kimya. Kumbe ni mimi." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Mwaka mzima nawasifu watengenezaji."

"Baba watoto, mficha maradhi kifo humuumbua. Na hapa anayekufa si wewe."

"Unajua nikisema hivi nini kitatokea?" Sauti yake ilipanda. "Sina kingine! Watu wanakuja hapa kwa sababu ya hiki kimoja. Nani atamletea gari kiziwi?"

"Si wewe unayewaambia vijana mkono hudanganya? Sikio lako limezaliwa na nani, hata lisidanganye?"

Fundi aliogopa, na hakuona haya kuogopa mbele ya mkewe; aliiogopa Jumatatu kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote kilichoinuliwa kwa jeki.

Ofisi ya meneja wa kituo cha mafuta ilikuwa chumba kidogo chenye feni kubwa. Meneja alikuwa mwanamke mwembamba, asiyepandisha sauti hata akifukuza mtu. Karani alikuwepo na nakala ya barua yake. Shemeji alisimama kwenye kona, macho chini, hakumsalimia Fundi.

Fundi aliingia na mkewe, hakusubiri kuulizwa. Alijua akiulizwa hatasikia.

"Mama, petroli yako haina neno," alisema. "Injini nimeiua mimi. Niliweka presha kubwa mno, ikalia, sikuisikia. Masikio yangu yameharibika. Huyu shemeji yangu hana hatia, na wewe karani nimekudanganya. Nilisema upesi ili nisionekane mimi."

Mtu akifikiri ukweli ukishasemwa kazi imekwisha, hajawahi kuusema mahali unapohitajika. Meneja aliegemea kiti, akasema kitu kwa utulivu. Karani akatikisa kichwa kukubali.

"Hata mimi naona hivyo," alisema Karani kwa ile sauti yake nene. "Fundi Sikio hasikii? Mzee, mji mzima unakujua. Juzi ilikuwa mafuta, leo masikio. Mbona unanijibu sasa hivi vizuri tu?"

"Sauti yako nene. Nene nazisikia. Nyembamba ndizo zimenikimbia."

"Zimekimbia vizuri sana, siku ile ile shemeji yako anapopelekwa polisi. Damu ni nzito kuliko maji, naelewa. Ningekuwa wewe ningesema hivyo hivyo."

Pale kwenye kona, Shemeji aliinua macho kwa mara ya kwanza. Yeye alikuwa ameamini papo hapo. Alikumbuka kile kicheko cha mezani, na ghafla kikawa na maana nyingine. Lakini imani ya mshitakiwa haihesabiwi.

Fundi alitazama nyuso zao. Alikuja kujivua nguo, na sasa aliambiwa nguo zenyewe ni za kuigiza. Hasira ilimpanda, kisha ikapoa ikawa kazi, kazi aliijua.

"Gari langu liko nje," alisema. "Jeupe. Injini ni ya aina ile ile ya gari la bluu, turbo ni ile ile, na tangi nimelikausha jana. Karani, kanunue petroli mwenyewe, kituo chochote kisicho hiki. Mimi nitaweka presha ile ile niliyokuwekea wewe, tupande kilima sote. Kama mafuta ya hapa ndiyo mabaya, basi kwa hayo mengine injini itakaa kimya. Ikilia, basi kosa ni la presha, na presha ni mimi."

Meneja alisema jambo fupi. Mke wa Fundi alianza, kwa mazoea, kupanga karatasi mezani. "Anauliza injini yako ikiharibika je, siyo, mama?"

"Iharibike," alisema Fundi.

Karani alinunua petroli kwa washindani, ng'ambo ya barabara, katika madumu mawili, na meneja aligeuka pembeni asione biashara inavyomwendea jirani. Fundi alifungua boneti, akakaza skrubu ya presha nusu mzunguko, na robo tena. Karani alikaa mbele asome kipimo, meneja na mke wa Fundi wakakaa nyuma. Shemeji aliachwa kituoni, amesimama kando ya pampu iliyofungwa.

Barabara ya kilimani ilikuwa tupu. Fundi aliweka gia ya tatu, akakanyaga. Gari liliinua pua. Karani akasoma, "Sifuri nukta nane. Tisa. Moja." Kwenye kona ya kwanza akaacha kusoma.

Mchele ulikuwa umeanza kumwagika. Kwanza kidogo, halafu gunia zima, tatatatata, chini ya sakafu, ndani ya meno. Meneja alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Karani alimgeukia dereva, akangoja aachie, kwa maana hakuna fundi, hakuna hata mwizi wa magari, angeweza kuisikia sauti ile na kuendelea kukanyaga gari lake mwenyewe. Fundi alikuwa akitazama mbele, uso umetulia, kichwa ameinamisha kidogo kulia kama alivyokuwa akifanya siku zote wateja wake wakimsifu. Alikuwa anasikiliza. Alikuwa anasikiliza kwa nguvu zake zote.

"Mzee, achia!" alipiga kelele Karani. "Achia, basi! Inatosha!"

Sauti yake ilimezwa na ngurumo ya moshi. Gari liliendelea kupanda. Karani alitazama sikio la yule mzee, lenye alama ya oili nyuma yake. Alijikuta anatamani barua yake isingekuwa na kurasa tatu.

Mkewe alinyoosha mkono kutoka nyuma, akamgusa bega. Fundi akaachia mguu papo hapo, akaegesha pembeni. Injini ilibaki ikitetemeka ovyo, silinda moja haifanyi kazi tena, na harufu ya chuma kilichoungua ikaingia ndani.

"Imelia?" aliuliza.

"Imelia tangu kona ya kwanza," alisema Karani polepole, akimgeukia ili auone mdomo wake. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo.

Fundi alitikisa kichwa. Mikono yake ilibaki kwenye usukani. "Ya kwako nitaitengeneza, kwa gharama yangu," alisema. "Kuijaribu atasikiliza mtu mwingine."

Kimya kilikaa ndani ya gari, au yeye alikiona kuwa kimya. Kwenye kioo aliona midomo ya meneja ikitembea. Ilitembea kwa muda, ikasimama, na macho ya yule mwanamke yakabaki kwenye kioo yakingoja jibu. Mwaka mzima wakati kama huo alikuwa na dawa yake: kutikisa kichwa, kutabasamu, kusema naam. Tabasamu lilikuja lenyewe mpaka kwenye pembe za mdomo. Akaliondoa.

Aligeuka kwenye kiti, mbele ya mteja na mbele ya mgeni, akamtazama mkewe.

"Amesemaje?"

Mkewe hakupanga karatasi, wala hakuuliza siyo, mama. Aliinama mbele, akaweka mkono kwenye shavu la mumewe, akasema kwa sauti kubwa iliyotoka hadi barabarani:

"Amesema mdogo wangu arudishiwe kofia yake leo hii. Tena mbele ya foleni."